Yungiyungi la Wankuru

Kama uko kwenye benchi la hospitali sasa hivi, na karatasi ya majibu umeikunja na kuikunjua mpaka inataka kukatika, wewe ndiye ninayekuandikia. Wengine wakisoma hawakatazwi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea kufundisha darasa zima huku nikimwangalia mmoja tu, yule aliyeinamisha kichwa.

Sitakueleza saratani ni kitu gani. Mabango ya ukutani yanatosha, na daktari ataongea mpaka uombe maji. Nitakueleza yale ambayo mimi sikuambiwa na mtu: namna ya kusubiri, namna ya kula ugali unaonuka chuma, na namna ya kutunza yungiyungi ndani ya nyumba. Hilo la mwisho usilicheke. Ndilo lililonishika nilipokuwa nateleza, na ndilo lililoniliza kuliko yote.

Kwetu ni Lushoto. Nilipangiwa kazi Tarime nikiwa msichana, shule ya huko Nyamwaga, na nilipanga kuhama mwaka uliofuata. Kisha nikakutana na Mwita, fundi pikipiki, Mkurya wa hapa hapa, na habari ya kuhama ikaishia hapo. Tulijenga Nyamisangura, karibu na gereji yake. Uvimbe niliugusa nikiwa naoga, mvua za vuli zikiwa zinaisha. Kabla watu hawajaanza kupanda mahindi ya masika, titi la kushoto lilikuwa limekwisha kuondolewa. Niliogopa kujitazama kwenye kioo, na Mwita naye aliogopa kunitazama, kwa hiyo tukawa tunatazamana usoni tu, kama watu wanaodaiana.

Siku chache kabla ya dripu ya kwanza ya dawa za saratani Mwita alikwenda Sirari, mpakani, kutafuta spea. Akarudi na nyanya, na katikati ya nyanya palikuwa na vitu viwili kama vitunguu vyenye magamba. Nusura nivikatie kwenye mboga. Akasema, "Hivyo ni maua. Si ulisema mama yako alikuwa nayo Lushoto, ya yungiyungi?" Nikamuuliza ni ya rangi gani. Muuzaji, mama mmoja wa upande wa Kenya, alikuwa amemjibu, "Hiyo ni flawa tu, weka ndani utaona."

Tukapanda kimoja kwenye kopo la mafuta ya kupikia, tukaliweka dirishani sebuleni. Nje ingekuwa kazi bure, mbuzi wa jirani hawana adabu. Wifi yangu Ghati alipoliona alisimama pale pale mlangoni. "Maua tunapeleka makaburini," alisema. "Nyie mmeanza mapema." Mwita alikasirika. Mimi nilicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu nitoke kwa daktari.

Hospitali iko Mwanza. Unatoka Tarime alfajiri, unafika umechoka kabla hata hujaanza kuugua ya siku hiyo. Kuna chumba kirefu cha kusubiri, chenye feni isiyozunguka, na watu wamekaa wakisikiliza majina. Ukikaa hapo utajifunza kwamba kila mtu ana kitu anachokiangalia. Kuna anayeangalia mlango, kuna anayeangalia viatu vyake. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu alikuwa ananiangalia mimi.

"Wewe ni wa Tarime," alisema. "Nilikuona kwenye basi. Unatapika kwa heshima sana."

Huyo ndiye Wankuru. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo, mkulima wa Matongo, mrefu, mwenye mikono ya jembe, na ugonjwa wake ulikuwa kama wangu. Tulipangiwa siku moja ya dripu, na kuanzia hapo ikawa hivyo: viti viwili vya jirani, chupa mbili zinaning'inia. Ile dawa nyekundu ilipoanza kuingia mkononi niliogopa, nikaanza kuongea ovyo, nikamweleza habari za ua.

"Linaliwa?" aliuliza.

"Haliliwi, dada."

"Ni dawa?"

"Si dawa."

"Sasa linafanya nini humo ndani?"

"Linakaa tu."

Alifikiri. Kisha akasema, "Na mimi niletee moja. Tumekaa wengi nyumbani, halitakosa nafasi."

Dripu ya pili nilimpelekea kile kitunguu kingine, nimekifunga kwenye kitambaa.

Sasa sikiliza, hapa pana kazi. Kopo litobolewe chini, matundu ya kutosha. Udongo uchanganywe na mchanga na samadi ya zamani, iliyokwisha kupoa. Kitunguu kizame chini, kisichungulie. Nesi alikuwa amenikataza kuchezea udongo kwa sababu damu yangu ilikuwa imeshuka nguvu, kwa hiyo Mwita ndiye aliyechafuka, mimi nikatoa amri nikiwa kwenye kochi. Kila siku chache geuza kopo, maana shina linafuata mwanga na litapinda. Na maji, hapo ndipo watu wanapoua. Ingiza kidole kwenye udongo, mimi nilivaa glavu. Ukikuta ubichi, toa kidole uondoke. Hili si yungiyungi la majini, na haliuawi haraka na kiu. Linauawa na maji.

Nasema hivyo kwa sababu huku kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Watu wanakuja na maziwa, wanakuja na ndizi, wanakaa. Wakishamaliza kunipa pole hawakuwa na la kufanya, basi kila mmoja akawa analimwagilia ua la mwalimu. Ni upendo, najua. Nikaandika kwenye kipande cha boksi: USIMWAGILIE. MUULIZE MWALIMU. Nikakisimamisha kwenye kopo. Ghati alisema hata nikiumwa bado nasimamia mtihani.

Baada ya dripu ya pili nywele zilianza kubaki kwenye mto. Baada ya ya tatu kucha zikawa nyeusi, mdomo ukawa vidonda, na kila chakula kikawa na ladha ya msumari. Mtu asikudanganye kwamba utazoea. Nililia sana kwa ajili ya nywele, kuliko nilivyolilia titi, na sioni aibu kusema. Mwita akahamia kulala sebuleni. Alisema ni ili asinigonge mkono usiku. Nilijua si hilo peke yake, na iliniuma.

Shina lilikuwa limefika urefu wa rula. Nikawa nakaa nalo. Siku moja Mwita alirudi akanikuta nikilisimulia habari za shule.

"Siku hizi unaongea na ua kuliko na mimi," alisema.

"Ua halinionei huruma."

Akarudi gereji bila kula. Hatukuongea tena siku ile wala iliyofuata. Siku ya tatu niliamka nikakuta shina limefungwa kwenye spoku ya baiskeli, imenyooshwa vizuri, ncha yake imepigwa msasa isichome mtu, na kilichofungia ni upindo wa kanga yangu ya zamani. Nami sikumshukuru kwa maneno, nilimwita aje alale chumbani. Akaja.

Katikati ya masika, baada ya dripu ya nne, ua langu lilichanua. Lilikuwa jeupe. Nilikuwa nimelisubiri miezi mitatu, na lilipofunguka lilitoa harufu nzito, tamu, iliyojaa nyumba nzima, na mimi nikatapika. Dawa ilikuwa imenigeuza pua. Nilijaribu kujifunika kanga usoni, nikashindwa. Mwita akalibeba. Ua langu la kwanza likakaa gereji, katikati ya oili chafu na matairi, wateja wakilipiga picha, na mimi niko kitandani nikilia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Jioni akawa ananiletea habari. "Leo limefunguka la pili." "Leo limemwaga ule unga wa njano, limechafua shati la mteja." Ule unga, ndugu yangu, utoe kwa karatasi mara ua linapofunguka. Ukigusa nguo hautoki.

Dripu ya tano Wankuru alikuja akitembea polepole. Alikaa, akafungua pindo la kanga yake, akatoa kitu kimekunjwa kwenye jani la mgomba. Ilikuwa petali.

"La kwangu limetoka," alisema. "Simu yangu ni ya kitochi, haipigi picha. Nikasema nikuletee lenyewe."

Lilikuwa la rangi ya waridi iliyokolea. Niliogopa kulinusa, akacheka. "Nusa tu, halina kitu." Kweli halikuwa na harufu yoyote. Akaniambia mume wake, Mzee Magige, analisalimia asubuhi kabla ya kwenda zizini, na anasema rangi yake ni ya ndani ya mdomo wa ndama. Nilimwona Wankuru akifurahi kwa uso wote. Kisha dawa ikaanza kushuka, akafumba macho.

"Mwalimu, mgongo unaniuma kama nimebeba gunia kutoka shambani mpaka leo sijalitua."

"Umemwambia daktari?"

"Nimemwambia. Amepiga picha. Ameniangalia kama unavyomwangalia mwanafunzi aliyefeli." Baadaye, macho bado yamefumba, akasema, "Tufanye hivi. Atakayebaki alee na la mwenzake."

Nilimwambia aache maneno hayo. Akasema, "Sikukuuliza kama unapenda. Nimekuuliza kama utalea." Nikasema nitalea.

Dripu ya mwisho nilikaa kwenye kiti changu na cha pembeni kilikuwa kitupu. Nesi aliita jina lake. Akaita tena. Watu wakageuka kutafuta nani hajaitika, kama inavyokuwa, na mimi nilitaka kunyoosha mkono niseme nipo, nipo badala yake. Nesi akaita jina linalofuata. Nilipopiga simu yake jioni, Mzee Magige alipokea. "Amelala, mwalimu," alisema. "Akiamka nitamwambia." Kila nilipopiga, alikuwa amelala.

Kiangazi kilinikuta bado Mwanza, kwenye mionzi, nimepanga chumba na wagonjwa wenzangu. Ngozi ya kifua ilikuwa imeungua, siwezi hata kuvaa nguo ya ndani. Nikiwa kwenye foleni simu iliita. Ilikuwa namba ya Wankuru na sauti ya mzee. "Mwenzako ametutoka jana." Nikamwambia pole mzee, pole sana. Kisha mlango ukafunguliwa, jina langu likaitwa, nikaingia, nikalala chini ya ile mashine na kukaa kimya nisitikisike, kama wanavyotaka. Machozi yalikuwa yanaingia masikioni. Sikuruhusiwa kuyafuta. Hawakuniruhusu kusafiri kwenda kuzika.

Kwa hiyo usiniulize kama nilifurahi nilipomaliza mionzi. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nafikiria kopo lililoko Matongo.

Nilipata nguvu ya kwenda mvua za vuli zilipoanza kudondoka. Mwita alinipeleka kwa pikipiki, taratibu, vumbi la barabara ya Matongo bado halijatulia. Mzee Magige alikuwa zizini. Alinawa mikono, akaja. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, akanitazama kwa muda kuanzia kichwani ambapo nywele zilikuwa zimeanza kuota kama za kifaranga, mpaka kwenye kiatu kilichonipwaya. Nilikuwa nimebaki mifupa.

"Umekuja kuliangalia," alisema.

Kopo lilikuwa dirishani, mahali pake. Hakukuwa na jani wala shina, udongo tu, mweusi, unang'aa. Kikombe cha bati kilikuwa pembeni.

"Baada ya maua lilikauka," alisema. "Mama alinikataza kulitupa, alisema linalala. Basi naliwekea maji kila asubuhi. Na watu wa msiba, kila aliyeingia kunipa pole nilimwambia ua la mama ni hili. Kila mmoja alimwagia kidogo. Hakuna aliyepita bure."

Niliwaona wote, nakwambia. Niliwaona wakiingia mmoja mmoja na kikombe kile, na huzuni yao.

Sasa nilikuwa na ruhusa ya kugusa udongo. Niliingiza kidole. Ulikuwa tope. Chini, mahali ambapo kitunguu kinapaswa kuwa kigumu, kidole kilizama kwenye kitu laini kama ugali wa jana. Nilikitoa, nikakinusa, nikakifuta kwenye kanga.

Mzee alikuwa anasubiri. Mtu aliyekwisha kuzika hakustahili kuzikishwa mara ya pili na mimi. Nikasema, "Limechoka kidogo, mzee. Nikiliuguza kwangu litaamka. Nitakurudishia."

"Chukua," alisema. Akalifuta kopo kwa kitambaa, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nyumbani nilimwaga udongo wote nyuma ya nyumba. Nilichambua ule uozo kwa kijiti nikitafuta japo gamba moja lenye uhai, maana wakati mwingine gamba moja linatosha kuotesha jingine. Halikuwepo. Nililia pale chini, nikiwa nimepiga magoti kwenye matope. Mwita alikuja, akachuchumaa pembeni yangu. Kisha nikaingia ndani, kwenye kona ya baridi karibu na mtungi wa maji ambako la kwangu lilikuwa limelala, nikalitoa. Kitunguu kilikuwa kizito, kizima, na juu yake ncha ya kijani inachungulia.

"Hilo ni lako," Mwita alisema.

"Naona."

"Ndilo hilo hilo moja."

"Nimeahidi, Mwita."

Akaenda kutafuta samadi. Tukapanda langu kwenye kopo la Wankuru. Lilipofika urefu wa kiganja nikalirudisha Matongo, na kile kibao cha boksi nikakisimamisha hapo hapo. Rangi sikuitia akilini. Nilijiambia, mzee ana mambo mengi, ua ni ua.

Kukaribia Krismasi alinipigia. "Limetoka, mwalimu. Njoo."

Harufu niliisikia kabla sijavuka kizingiti. Pua yangu ilikuwa imepona. Ilikuwa harufu nzuri kweli kweli, na nilisimama nikaivuta kwa mara ya kwanza bila kutapika. Ua lilikuwa jeupe dirishani, kubwa, limeelekea nje. Mzee alinivutia kigoda, akaketi na yeye. Tulikaa tukiliangalia.

"La mama lilikuwa rangi ya mdomo wa ndama," alisema. "Na halikuwa na harufu."

Niligeuka nikaangalia kile kibao cha boksi.

"Mimi nina ng'ombe, mwalimu. Ndama akipotea, ukaniletea mwingine, nitajua kabla hajaingia zizini." Hakuwa amekasirika. Alikuwa anaongea taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Na kidonda kilichooza ndani ya ng'ombe nakijua kwa harufu. Ile siku ulipotoa kidole ukanusa, harufu ilinifikia na mimi nilipokuwa nimesimama."

"Ulijua mzee? Na ukaniacha nibebe uozo mpaka Nyamisangura?"

"Nilikuacha."

"Kwa nini?"

Aliangalia mikono yake. "Ulikuwa mwembamba kama yeye siku zake za mwisho. Nilivyokuona pale mlangoni nilisema huyu naye anamfuata. Kisha ukasema nitakurudishia. Nikafikiri, basi aende nalo. Mtu mwenye kitu cha watu mkononi hawezi kuondoka hovyo."

Nililia mbele yake, na yeye hakunizuia. Nilimlilia Wankuru, kilio ambacho kilikuwa kimebaki chini ya ile mashine. Alipoona nimetulia akaniletea maziwa, nikanywa, yalikuwa na ladha ya maziwa.

Nilipoaga alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki. "Likikauka nitakuita uje ulichukue," alisema. "Ukae nalo, kisha mvua za vuli ulirudishe."

"Mzee, sasa unajua kulitunza mwenyewe. Umeona kibao."

"Najua," alisema. "Wewe lichukue tu."

Naandika haya likiwa limelala hapa nyumbani, kwenye kona ya mtungi, ndani ya kopo lake. Wiki ijayo nina kliniki, na usiku mwingine hofu inanikalia kifuani upande ule ule. Asubuhi naingiza kidole kwenye udongo. Leo nimekuta ubichi, nimeliacha. Vuli bado, na ni la watu, lazima nilirudishe.